Anayeisemea Kampuni Anadaiwa Nini?

Kampuni ikifika Oldonyo Sambu, kwenye miteremko ya Mlima Meru mkoani Arusha, haifiki peke yake. Hufika na mtu wa kuisemea: mwinjilisti, mwenyekiti wa kijiji, laigwanani (kiongozi wa jadi) wa rika fulani, mwalimu mstaafu, au kijana wa boma aliyesoma mjini akarudi amevaa fulana ya kampuni. Kampuni yenyewe haionekani. Iwe inatafuta wakulima wa mbegu za maharage kwa mkataba, inauza sola kwa kulipa kidogo kidogo, inakopesha au inaulizia ardhi, makao yake yako Arusha mjini, Dar es Salaam, Nairobi au ng'ambo kabisa, na hakuna mtu aliyeko sokoni kando ya barabara ya Namanga anayeweza kuitazama machoni. Wanachokiona watu ni uso wa msemaji. Humwamini yeye, kisha imani hiyo huvuka ikahamia kwa kampuni, na hakuna anayeona ilipovukia. Je, mtu huyu aliyeikopesha kampuni jina lake anadaiwa nini na wale waliomwamini? Nitatetea jibu kwamba anadaiwa uchunguzi, kwamba deni hilo ni la kidini kabla halijawa la kibiashara, na kwamba siku hizi njia ya kulilipa inapita maktaba: kwenye daftari la msajili wa makampuni, kanzidata za magazeti, hukumu za mahakama na takwimu za sekta nzima.

Mfano wa hapa nyumbani Tanzania unaofundisha kuliko yote ni taasisi ya kupanda na kuvuna fedha iliyoitwa DECI. Ilianza 2007 na kufikia 2009 ilikuwa imeenea mikoani. Miongoni mwa viongozi wake walikuwemo wachungaji, na lugha yake ilikuwa ya madhabahuni: mwanachama alipanda mbegu, akasubiri, akavuna. Fedha za mvunaji zilitoka kwa mpandaji aliyemfuata, na huo ndio upatu wenyewe, hata ukiombewa. Serikali iliingilia kati mwaka 2009, na 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ikawatia hatiani baadhi ya viongozi wake kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni. Kenya ilikuwa imeumwa na nyoka huyo huyo. Kikosi kazi kilichoongozwa na Francis Nyenze kilitaja mwaka 2009 hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kenya, na kule pia makanisa yalikuwa njia mojawapo ya kuwafikia watu. Kinachosumbua katika habari ya DECI ni jinsi siri yake ilivyokuwa nyepesi. Sheria ya mabenki ya mwaka 2006 ilikuwa imeshaeleza ni nani anaruhusiwa kupokea amana za watu. Swali moja lililopelekwa Benki Kuu, au jicho moja lililopitishwa kwenye orodha ya taasisi zenye leseni, lingetosha. Halikuulizwa kwa wingi kwa sababu kuuliza kulionekana kama kumtilia shaka mchungaji, na kumtilia shaka mchungaji kulionekana kama kuyatilia shaka mavuno aliyoyaahidi Mungu. Kwa hiyo kosa la hesabu lilikuwa pia kosa la teolojia, na haliwezi kutibiwa kwa somo la hesabu peke yake.

Teolojia hiyo husema hivi: imani na uchunguzi havikai nyumba moja, anayeamini haombi risiti, tena kupeleleza mambo ya watu ni dhambi. Hilo la mwisho ni kweli, ndiyo maana inafaa kulisoma pale lilipoandikwa. Sura ya Al-Hujurat katika Qurani inakataza watu kupelelezana, aya ya 12. Na sura hiyo hiyo, aya sita tu kabla, inaagiza habari iliyoletwa na mtu asiyeaminika ichunguzwe kwanza, watu wasije wakawadhuru wenzao kwa kutojua kisha wakabaki na majuto. Maagizo hayo mawili hayagombani. Moja linalinda siri za mtu ndani ya nyumba yake. La pili linahusu dai lililoletwa hadharani ili watu walifanyie kazi. Kampuni inayoomba fedha, jasho au shamba la mtu imeshaleta dai hadharani, na haiwezi kujifunika kwa haki ya siri iliyowekwa kwa ajili ya mwanadamu na familia yake. Upande wa Biblia, Matendo ya Mitume sura ya 17 inawasifu watu wa Beroya kwa sababu walikwenda kwenye maandiko wenyewe, siku baada ya siku, kuona kama aliyoyasema Paulo yalikuwa kweli. Aliyepimwa hapo alikuwa mtume, na hakuna mahali panaposema alichukia. Ikiwa neno la mtume lilipimwa na wapimaji wakasifiwa, sioni kwa nini mkataba wa mbegu za maharage usipimwe.

Atasema mtu kwamba aya ile ya Qurani inamhusu fasiki, mtu asiyeaminika, na mwinjilisti wetu si fasiki. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Wanazuoni wa Kiislamu wa hadithi hawakumpima msimulizi kwa uadilifu wake tu. Walitazama pia dhabti, yaani uthabiti wake katika kuhifadhi na kufikisha alichosikia, na waliuliza kama kweli alikutana na yule anayesema alimsikia. Mcha Mungu aliyejulikana kwa swala za usiku aliweza kuandikwa dhaifu katika usimulizi, wala hakuna aliyemwita mwongo. Tumletee msemaji wa kampuni vipimo hivyo viwili. Cha kwanza anakipita bila shida. Ni mwadilifu, watu wamemjua tangu utoto. Cha pili kinamwangusha. Alichosikia alikisikia kwa ofisa mauzo, ofisa mauzo kwa meneja wa kanda, na katika mnyororo wote huo hakuna hata mmoja aliyewahi kuona mizania ya kampuni. Uaminifu wa msemaji unatuhakikishia kwamba hatudanganyi kwa makusudi. Hautuambii lolote kuhusu alichokijua. Watu wa upande huu wa Mlima Meru wanapaswa kuwa wa mwisho kuchanganya mambo hayo mawili, kwa maana wameishi na maji yaliyo safi kwa macho na yenye floraidi nyingi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Aliyeyachota hakuwa mwongo, na meno ya watoto yakabadilika rangi vilevile.

Basi kuchunguza kampuni ni kufanya nini hasa? Hatua ya kwanza ni ya kuchosha na wengi huishia hapo. Ni kwenda kwenye daftari la BRELA, wakala wa usajili wa makampuni, ambalo siku hizi liko mtandaoni, na kwa ada ndogo kupata tarehe ya usajili, majina ya wakurugenzi na wanahisa, na kama kampuni imeweka mali zake rehani. Wengi wakishaona jina limo husema kampuni ni halali, na hilo ni kosa la pili kwa ukubwa baada ya kutotazama kabisa. Usajili unaonyesha kwamba kampuni imezaliwa. Hauonyeshi kwamba imeruhusiwa kufanya inachokifanya. Mkopeshaji anahitaji leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Muuza mbegu anahitaji kutambuliwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Kiuatilifu kinahitaji kuwa kwenye orodha ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu yenye makao hapa hapa Arusha na iliyorithi kazi za taasisi ya zamani ya utafiti wa viuatilifu, TPRI, pale Ngaramtoni, ambako kila gari la kutoka mjini kwenda Oldonyo Sambu linapita. Baada ya leseni zinafuata hukumu. Tovuti ya TanzLII inaweka wazi bila malipo hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu, na jina la kampuni likiandikwa pale linaweza kutoa kesi ya wakulima wasiolipwa, ya mfanyakazi aliyefukuzwa, au ya benki inayodai. Kwangu mimi hukumu ina thamani kuliko ripoti yoyote ya kung'aa, kwa sababu imeandikwa baada ya pande mbili kuapa na kuhojiana.

Lakini kampuni nzuri katika sekta inayokufa ni hatari kuliko kampuni ya wastani katika sekta iliyo hai, na hapo ndipo kanzidata za maktaba za vyuo zinapofanya kazi ambayo daftari la msajili haliwezi. Tuichukue pareto. Ilikuwa zao la fedha katika nyanda za juu za Tanzania na Kenya, na miteremko ya Meru ilikuwa nayo. Mkulima wa wakati ule angeweza kumjua mnunuzi wake vizuri kabisa: ofisi iko wapi, mizani ni ya haki au la, malipo yanachelewa kiasi gani. Asingeona kwamba mwaka 1973, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted nchini Uingereza, Michael Elliott na wenzake walikuwa wametengeneza permethrini, kemikali ya familia ile ile ya sumu ya pareto lakini isiyohitaji ua wala mvua wala mchumaji. Habari hiyo haikufichwa. Ilichapishwa kwenye majarida ya kisayansi, ikafuatwa na takwimu za biashara zilizoonyesha viwanda vya viuatilifu vikielekea huko. Ilikosekana shambani tu. Na hapa historia ina kejeli yake: kuanzia 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset kwa teknolojia ya Sumitomo Chemical ya Japani, na dawa iliyomo kwenye nyuzi zake ni permethrini hiyo hiyo. Kilichoipunguzia pareto soko ndicho kilicholeta ajira mjini. Aliyesoma habari za mnunuzi peke yake asingeweza kuona lolote kati ya hayo. Aliyesoma habari za sekta angeona walau upepo unavumia wapi, na mkulima akashauriwa asiweke ekari zote kwenye zao moja.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote halitoki kwa wachungaji. Linatoka kwa wasomi: karatasi nazo ni maneno ya watu. Ripoti ya mwaka imeandikwa na kampuni yenyewe, mkaguzi wa hesabu amelipwa na kampuni, mwandishi wa gazeti amekula chakula cha mchana cha kampuni. Enron ya Marekani ilikuwa na ripoti nzuri, na mkaguzi wake Arthur Andersen alikuwa miongoni mwa wakubwa duniani, hadi ilipoanguka mwishoni mwa 2001. Kwa hiyo, husema wapingaji, mtu wa maktaba ameacha kumwamini mwinjilisti akaanza kumwamini mhasibu, na tofauti iko wapi? Nakubali nusu ya hoja hii. Maktaba haimtoi mtu katika kuamini akamwingiza katika kuona. Inamtoa katika kuamini shahidi mmoja ikampa mashahidi wengi. Lakini hiyo ndiyo tofauti yenyewe. Wanazuoni wale wale wa hadithi waliipa hadhi ya pekee habari iliyopokewa kwa njia nyingi ambazo haiyumkiniki wasimulizi wake kukaa na kupanga uongo mmoja. Kampuni husema kitu kimoja kwa wawekezaji, kingine kwa benki, kingine kwa mahakama na kingine kwa mkulima. Kila msikilizaji ana maslahi yake, na uongo unaoifaa kampuni kwa mmoja huidhuru kwa mwingine: anayejionyesha tajiri kwa mkopeshaji hapendi kuonekana tajiri kwa mtoza kodi. Kazi ya mtafiti ni kuyaweka maneno hayo kando kwa kando akatazama yanapopishana. Hata Enron iligunduliwa kwa njia hiyo. Mapema mwaka huo wa 2001 Bethany McLean wa jarida la Fortune aliuliza hadharani kampuni hiyo inapataje fedha zake, na alitumia nyaraka ambazo kila mtu angeweza kuzisoma.

Wapo pia wanaosema kwamba uchunguzi unakula muda na fursa haisubiri. Mwanafalsafa William James aliitetea imani kwa hoja ya namna hiyo mwaka 1896: yapo maamuzi ambayo kusubiri ushahidi ni sawa na kukataa, na hapo moyo una haki ya kutangulia. Alikuwa sahihi kuhusu maamuzi ya aina hiyo. Lakini alitaka uamuzi uwe wa lazima kwa hali yake, na kampuni inayosema nafasi zinafungwa Ijumaa imeutengeneza ulazima huo yenyewe. Msimu wa mvua hauwezi kusogezwa; tarehe ya kusaini inaweza.

Pingamizi la mwisho ndilo linalonigusa zaidi. Mama anayeuza vitunguu Oldonyo Sambu hana kompyuta, hana nywila ya chuo, na nyaraka nyingi za makampuni zimeandikwa kwa Kiingereza. Kanzidata kubwa za biashara zinalipiwa, na vyuo vyenyewe huungana ili kumudu gharama. Kumwambia mama huyo kwamba imani yake ina kasoro kwa sababu hakuchunguza ni kumwongezea aliyeumizwa jeraha jingine. Nakubali, na ndiyo maana tangu mwanzo nimesema deni ni la msemaji. Fiqhi ya Kiislamu ina jina la wajibu wa namna hii: fardhi kifaya. Wakiitekeleza baadhi, jamii nzima imeondokewa na lawama. Wasipoitekeleza hata mmoja, wenye uwezo wote wanaibeba. Kumzika maiti ni fardhi kifaya. Kuchunguza kampuni inayokuja kuchukua akiba za watu kunastahili kuhesabiwa humo, na wenye kubeba lawama ni wale wenye funguo: waliosoma, wenye vyeo, wenye mimbari.

Wajibu wa namna hii si mgeni katika mlima huu. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 Engare Nanyuki, upande wa pili wa Meru, ili kuwapa walowezi mashamba ya mifugo. Wameru walichangishana fedha, wakamtuma mtu wao Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, hadi Umoja wa Mataifa New York mwaka 1952. Si kila Mmeru aliyesoma mkataba wa udhamini wa Tanganyika. Hakukuwa na haja. Walikuwa na mtu aliyeusoma kwa niaba yao, waliyemlipia nauli, na ambaye alirudi kuwaeleza. Ardhi haikurudishwa kwa kura ya Baraza Kuu, na mtu anaweza kusema kusoma kote kule hakukufaa kitu. Lakini dai la serikali kwamba watu walikuwa wameafiki halikuweza tena kusemwa bila kupingwa. Leo safari ni fupi zaidi. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, ambalo wainjilisti wake wanahubiri katika vijiji hivi, ndilo lenye Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira karibu na Usa River, chenye maktaba na wanafunzi wa sheria. Kuna Chuo cha Uhasibu pale Njiro, Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, na maktaba ya mkoa mjini. Kanisa lenye mimbari upande mmoja wa mlima na maktaba upande mwingine haliwezi kusema halikuwa na njia ya kujua. Msikiti nao una vijana vyuoni. Ombi la kanisa au msikiti kwamba kampuni fulani itazamwe, likajibiwa kwa kurasa mbili za Kiswahili zinazoeleza kilichopatikana na kilichokosekana, ni kazi ya wiki moja kwa mwanafunzi, na mkutano mkuu wa kijiji ungekuwa na kitu cha kujadili zaidi ya sura ya mgeni.

Na kilichokosekana kina uzito wake. Makampuni yaliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, yanayolazimika kutangaza hesabu zao, ni machache mno. Kampuni nyingi zinazofika vijijini ni za binafsi, na mtafiti mzuri atarudi mara nyingi na mikono mitupu. Hapo msemaji mwaminifu husema wazi kwamba ametafuta na hakupata, kisha anairudishia kampuni mzigo: ilete yenyewe leseni, hesabu zilizokaguliwa na majina ya wamiliki wake halisi. Kampuni ikikataa, ukimya huo nao utangazwe mbele ya watu walewale waliotarajiwa kusikia sifa zake.

Mwaka 1877 mwanahisabati William Clifford wa Uingereza aliandika kuhusu mwenye meli aliyejua meli yake ni chakavu, akajituliza kwa kumtegemea Mungu na safari zilizopita salama, akaipakia wahamiaji, ikazama nao. Kumlaumu mtu huyo ni rahisi. Clifford aliongeza lililo gumu: kama meli ingefika salama, hatia yake isingepungua hata chembe, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alivyoamini. Nikilileta hilo Oldonyo Sambu linaumiza pande mbili. Mwinjilisti aliyechunguza kwa uwezo wake wote, akawaambia watu alichokiona na asichokiona, kisha kampuni ikaanguka, hana hatia hata kama atanyooshewa kidole sokoni. Na yule aliyeisemea kampuni bila kutazama lolote, ikalipa vizuri, watu wakajenga nyumba za bati na kumshukuru kanisani, bado anadaiwa, ingawa sijui ni nani kati ya waliofaidika atakayesimama kumdai.